Mvua kubwa na mabomba ya nyumbani: soma dalili, tafuta chanzo

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120, likinyeshewa milimita 40 kwa saa moja, linamwaga lita 4,800. Maji hayo lazima yapate pa kwenda. Yakishika mtaro wake, hakuna neno. Yakiingia kwenye bomba la majitaka, kwenye septiki, kwenye tangi la chini ya ardhi au ndani ya ukuta, ndipo choo kinapoanza kutoa sauti, bafu linajaa bila mtu kuoga, na bomba la jikoni linatoa maji ya kahawia.

Tutaanza na kile unachokiona, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nitakaa zaidi kwenye majitaka, maana huko ndiko kwenye hasara kubwa, na ndiko watu wengi wanakopapasa gizani.

## Kabla hujagusa kitu

Jiulize mambo matatu. Ni maji gani yanayosumbua: ya matumizi yanayoingia, majitaka yanayotoka, au mvua yenyewe? Tatizo liko sehemu moja au nyumba nzima? Lilianza mvua ikinyesha au baadaye, na je, mvua ikikatika nalo linaisha? Sinki moja likigoma siku ya mvua, huenda limeziba kwa mafuta na mabaki ya chakula tu na mvua haihusiki. Lakini choo, bafu na sinki vikigoma kwa pamoja muda mfupi baada ya mvua kushika kasi, usihangaike na sinki. Shida iko nje.

Usalama una mambo mawili, na yote mawili yanaua. La kwanza ni umeme. Maji yakifika kwenye soketi, pampu au hita, zima swichi kuu. Kama huwezi kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji, usiiendee. Toa watu ndani na uite wahusika wa umeme. La pili ni hewa ya mashimoni. Usishuke kwenye chemba (shimo la kukagulia bomba la majitaka) wala septiki, hata kama umedondosha simu au ufunguo. Humo mna salfidi ya hidrojeni na methani, na oksijeni ni haba. Mtu huzimia kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele, na anayemrukia kumwokoa huanguka naye. Familia zimezika watu wawili au watatu kwa siku moja kwa sababu hiyo.

## Choo kinabubujika na maji yanapanda bafuni

Sauti hutangulia. Bomba la majitaka likianza kujaa kutokea nje, hewa iliyokuwa ndani yake husukumwa kuelekea nyumbani na kutokea kwenye maji ya choo. Ndiyo maana choo kinabubujika wakati hakuna aliyekiflashi. Baada ya hapo maji hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, kwa kawaida lile la sakafu ya bafu la chini. Choo hufuata. Ukisikia sauti hiyo mvua ikinyesha, bado una muda kidogo wa kuchukua hatua.

Hatua ya kwanza ni kuacha kutumia maji nyumba nzima. Zima mashine ya kufulia, zuia watu wasioge wala kuflashi. Bomba likiwa limejaa, kila ndoo unayomwaga ghorofani inatokea chini. Kama kiwango kinaendelea kupanda, weka mfuko wa mchanga ndani ya bakuli la choo cha chini na mwingine juu ya tundu la sakafu. Hautazuia kila tone, ila utapunguza kasi wakati unatafuta chanzo.

Usimwage dawa kali ya kuzibulia. Maji yakiwa yamesimama, dawa nayo husimama hapohapo, na fundi atakayefungua bomba baadaye ndiye atakayeunguzwa.

Sasa nenda kwenye chemba. Nyumba nyingi zina zaidi ya moja: ya karibu na choo, nyingine pale bomba linapokata kona, na ya mwisho kabla bomba halijatoka uwanjani au halijaingia kwenye septiki. Vaa glavu na viatu vya mpira, inua mfuniko kwa mtaimbo, na simama pembeni unapoachia, kwa sababu chemba iliyojaa huweza kumwaga mara moja. Anza na ile iliyo karibu na nyumba.

Chemba hiyo ikiwa tupu na choo bado kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Hilo ni tatizo lako la ndani, la vitambaa, nepi au pedi zilizotupwa chooni, na unaweza kulizibua kwa waya wa kuzibulia kuanzia chembani kuelekea nyumbani. Ikiwa imejaa, funua inayofuata. Ya kwanza ikiwa imejaa na ya pili ni tupu, kizuizi kiko katikati yao: mizizi ya mti, mchanga ulioingia kwenye ufa, au bomba lililobonyea baada ya udongo kulainika. Zote zikiwa zimejaa hadi ya mwisho, mzigo unatoka kwenye bomba la mtaa au kwenye septiki, na hakuna waya utakaokusaidia kwa wakati huo.

Kwenye hali hiyo ya mwisho kuna kipimo kimoja rahisi ambacho wengi hawakifanyi. Piga alama ya chaki kwenye ukuta wa chemba palipo na maji, funika, kisha rudi saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Maji yakiwa yameshuka yenyewe, bomba la nje halijaziba, limezidiwa tu. Yakiwa palepale hadi kesho yake na jua linawaka, kuna kizuizi cha kweli. Tofauti hiyo inaamua unamwita nani. Bomba la mtaa likizidiwa au likiziba, taarifa inakwenda kwa mamlaka ya majitaka ya eneo lako. Wape saa lilipoanza, chemba zipi zilijaa na lini maji yalishuka. Maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko kusema tu kwamba choo kimeziba.

## Chanzo ninachokilaumu kwanza: maji ya paa ndani ya bomba la majitaka

Kuna miji ambayo mabomba yake yalijengwa tangu mwanzo kubeba mvua na majitaka pamoja. Kwingine kote, vitu hivyo viwili vinatakiwa kwenda njia tofauti. Lakini nyumba baada ya nyumba utakuta bomba la kushushia maji ya gata limeingizwa kwenye chemba ya majitaka, kwa sababu chemba ilikuwa karibu na mtaro ulikuwa mbali. Wakati wa kiangazi hakuna anayeona kosa. Mvua ikija, lita 4,800 zile zinakwenda kushindana na choo kwenye bomba moja. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikifanya hivyo, aliye bondeni ndiye anayefurikiwa na kinyesi cha wote.

Kupima ni kazi ya watu wawili siku isiyo na mvua. Changanya rangi ya chakula kwenye ndoo ya maji. Mmoja anamimina kwenye gata karibu na bomba la kushushia, mwingine amefunua chemba ya majitaka na anatazama. Rangi ikitokea pale baada ya dakika moja au mbili, jibu limepatikana. Rudia kwa kila bomba la kushushia, maana si ajabu upande mmoja wa nyumba ukawa sawa na mwingine ukawa umeunganishwa vibaya. Fanya hivyohivyo kwa tundu la kutolea maji uani na lile la varanda.

Dawa yake haina njia ya mkato: tenga. Maji ya paa yapelekwe kwenye mtaro wa mvua, kwenye tangi la kuvunia, au kwenye shimo la kunyonya la peke yake lililo mbali na msingi. Hiyo ndiyo kazi ningeitanguliza kuliko nyingine yoyote kwenye mwongozo huu, hata kabla ya kununua vifaa.

Ukishatenga, kifaa kinachofuata ni vali ya kuzuia maji kurudi. Hufungwa kwenye bomba kuu linalotoka nyumbani na ina ulimi unaofunguka kuelekea nje tu. Ni kinga nzuri, ila ina masharti. Ikijifunga kwa sababu bomba la nje limejaa, maji ya nyumbani kwako nayo hayana pa kutokea, kwa hiyo bado lazima uache kuoga na kuflashi. Kama maji ya paa bado yanaingia kwenye bomba kabla ya vali hiyo, paa lako ndilo litakalokufurikisha, na mlango wa kutokea umefungwa. Tena ulimi ukinaswa na nywele au uzi wa kitambaa, haujifungi sawasawa. Ufunue na kuusafisha kabla ya kila msimu wa mvua.

Kitu kingine ni lile shimo dogo lenye wavu nje ya jiko au bafu, linalopokea maji ya sinki. Likiwekwa vizuri, wavu wake huwa chini kuliko matundu yote ya ndani, kwa sentimita 15 hivi kutoka tundu la chini kabisa, ili bomba likijaa maji yafurike uani badala ya sebuleni. Wakati huohuo liwe juu kidogo ya ardhi inayolizunguka ili maji ya uani yasitiririkie humo. Watu huliziba kwa saruji wanapotengeneza uwanja, au hulifunika kwa chungu cha maua. Ukilifunika, umeziba mahali pekee ambapo majitaka yangetokea bila kuingia ndani.

## Septiki imejaa na uwanja umelowa

Aliye na septiki hana bomba la mtaa la kulaumu. Kinachomtokea ni kwamba udongo umejaa maji. Septiki haimezi maji yenyewe. Huyapokea, hutuliza yabisi chini na mafuta juu, kisha maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo au mitaro ya kunyonya. Udongo ukishajaa maji ya mvua, hauna nafasi ya kupokea mengine. Yanarudi nyuma hadi chooni.

Dalili zake: choo kinashuka polepole nyumba nzima, nyasi juu ya mitaro ya kunyonya zinalowa na kunuka, na mfuniko wa septiki unavuja pembeni. Uoto wa kijani kibichi mahali pamoja wakati kwingine kumekauka ni dalili ya zamani zaidi, kwamba tatizo lilianza kabla ya mvua.

Watu wengi hapo huita gari la kunyonya mara moja. Subiri kwanza. Septiki iliyozungukwa na maji ya ardhini ikinyonywa ikawa tupu, inaweza kuelea kama mtumbwi. Tangi la lita 5,000 likiwa tupu na limezama lote, maji yanalisukuma juu kwa nguvu inayokaribia tani tano. Tangi la plastiki hunyanyuka kirahisi, na hata la zege linaweza kujongea na kukata mabomba ya pande zote mbili. Ukinyonya wakati huo bado hujapata kitu, kwa kuwa maji ya ardhini yatalijaza tena baada ya muda mfupi. Punguza matumizi ya maji, subiri maji ya ardhini yashuke, ndipo uite gari. Kama majitaka tayari yamo ndani na huna namna, nyonya sehemu tu ili choo kishuke, usilimalize.

Siku gari likija, simama pembeni utazame lile bomba la kutokea wakati kiwango kinashuka. Maji yakianza kurudi kwa kasi kutoka upande wa shimo la kunyonya kuingia ndani ya septiki, tatizo haliko kwenye septiki. Shimo la kunyonya limeziba au bado limejaa. Kama mvua iliisha wiki nyingi zilizopita na bado yanarudi hivyo, matope yameziba vinyweleo vya udongo na itabidi sehemu ya kunyonya ijengwe upya.

Na yanazibaje? Hapo tunarudi kwenye paa. Septiki hupangwa ili maji yakae humo kiasi cha siku nzima, yabisi ipate muda wa kutuama. Maji ya gata yakiingia kwa maelfu ya lita ndani ya saa moja, yanakoroga kila kitu na kusukuma matope kwenda kwenye udongo. Mvua moja haionyeshi madhara. Mvua za miaka kadhaa zinaua kabisa uwezo wa udongo kunyonya, na kunyonya septiki hakuurudishi. Hakikisha pia mfuniko uko juu ya usawa wa ardhi na pembe zake zimezibwa vizuri, na uwanja umeinamishwa ili maji yaelekee mbali. Nyonya kwa ratiba wakati wa kiangazi, matope yakifika theluthi moja ya kina, badala ya kungoja yakulazimishe.

## Harufu mbaya mvua ikinyesha

Chini ya kila sinki na tundu la sakafu kuna kona iliyopinda inayobakiza maji. Maji hayo, kwa kawaida yenye kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo yanayozuia hewa chafu isipande. Mvua huyavuruga kwa njia mbili: bomba linapojaa hewa husukumwa kuelekea nyumbani, na maji mengi yakiporomoka ndani ya bomba la wima huvuta yale ya kwenye kona na kuyaacha makavu.

Anza na tundu ambalo halitumiki, kwa mfano la bafu la wageni. Mimina ndoo ya maji. Harufu ikikoma, kona ilikuwa imekauka. Ikirudi kila mvua inaponyesha, kagua bomba la hewa linalotokeza juu ya paa: majani, kiota cha ndege au kipande cha plastiki kikiliziba, hewa inakosa njia na inatafuta ya kwenye masinki. Harufu iliyo karibu na shina la choo, na maji kidogo yanayochuruzika sakafuni kila unapoflashi, hiyo ni sili ya choo (kizibio kilicho chini yake) iliyoharibika, na mvua haihusiki.

Harufu ya mayai yaliyooza ikiwa kali hadi macho yanawasha, fungua madirisha na utoke.

## Maji ya bomba yamebadilika rangi

Jaza glasi nyeupe kutoka kwenye bomba linalopokea maji moja kwa moja kutoka mtaani, kabla ya kupita kwenye tangi lako. Jaza nyingine kutoka bomba la ndani. Ya kwanza ikiwa na udongo, shida ni ya mtandao: ama chanzo cha maji kimechafuka kupita uwezo wa mtambo, ama bomba la mtaa limepasuka. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu, angalia tangi lako. Huenda mfuniko umepeperushwa na upepo, au maji ya mvua yametiririkia ndani kupitia tundu la bomba la kuingizia.

Bomba likipasuka, uchafu huweza kuingia hata kama kwa kawaida lina presha, kwa sababu mgawo unapokatika au watu wengi wakifungua kwa pamoja, presha hushuka na bomba hunyonya maji ya nje kupitia ufa huohuo. Kama ufa umelala kwenye tope lenye majitaka, unajua kilichoingia. Ndiyo maana maji yaliyobadilika rangi baada ya mvua hayanywewi hata yakitakata baada ya saa moja.

Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 kama unakaa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukikosa nishati, tumia klorini ya majumbani isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu weka matone 4, kwani udongo unakula klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Kuchemsha hakuondoi mafuta ya gari wala dawa za kilimo. Maji yenye harufu hizo tafuta mbadala wake.

Usiruhusu maji ya udongo kupita kwenye hita au mashine ya kufulia. Funga koki zake, fungua bomba la nje hadi yatakate, halafu fungua vichujio vidogo vya kwenye midomo ya mabomba uvioshe. Mara nyingi presha inayoonekana kupungua jikoni baada ya mvua ni mchanga uliojaa hapo tu.

## Presha imeshuka na bili imepanda

Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na bomba lililolala humo hupinda nao. Linaachia kwenye viungio. Kwingine maji yanayotiririka hukomba udongo chini ya bomba na kuliacha likining'inia hadi linakatika kwa uzito wake. Wakati wa kiangazi bomba lililovuja hujionyesha kwa doa la unyevu. Msimu wa mvua kila mahali kumelowa, kwa hiyo tegemea mita.

Funga mabomba yote. Usisahau boya la tangi la juu, maana tangi linalojijaza polepole litakudanganya kwamba kuna uvujaji. Funga koki yake pia. Tazama gurudumu dogo la mita. Likizunguka, maji yanaenda mahali. Sasa funga koki kuu inayoingia nyumbani. Likisimama, uvujaji uko ndani au chooni. Likiendelea, uko ardhini kati ya mita na nyumba, na hapo ndipo pa kuchimba.

Pampu ikikata yenyewe baada ya mvua ya radi, usiirudishie swichi mara kwa mara. Unyevu kwenye kisanduku cha nyaya, au mota iliyoungua, vinahitaji fundi umeme na kipimo.

## Dari au ukuta umelowa: ni paa au ni bomba?

Chukua penseli, chora mzingo wa doa na uandike tarehe. Fanya hivyo kila siku. Doa linalokua siku za mvua tu linatoka paani. Linalokua hata siku kavu ni la bomba. Linalokua mtu anapooga ghorofani ni la bomba la kutolea maji au la maungio ya vigae vya bafu, na wala si la bomba lenye presha, kwani hilo lingevuja usiku na mchana.

Usitarajie tundu liwe juu ya doa. Maji hutambaa kwenye mbao za paa na kudondokea mbali. Mahali pa kukagua kwanza ni pale bomba la hewa linapotoboa paa, kwa sababu mpira au bati la kuzungushia hupasuka kwa jua. Kupima, subiri siku kavu. Mwenzako akae darini na tochi, wewe mwagilia paa kwa mpira wa maji ukianzia chini, dakika kadhaa kila sehemu, ukipanda polepole. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita kila ufa, na hutajua ni upi.

Matone juu ya bomba la maji baridi siku yenye unyevunyevu mwingi si uvujaji. Ni unyevu wa hewa unaogeuka matone hapo. Lifute, lizungushie sponji ya kuzuia baridi.

Gata nayo ikifurikia nyuma, hulowesha kuta na kuonekana kama bomba lililopasuka ukutani. Safisha majani, hakikisha imeinamia upande wa bomba la kushushia.

## Tangi la chini na kisima

Tangi la zege lililochimbiwa, lenye ufa, huvujisha maji kiangazi na huvuta maji ya ardhini masika. Funga njia ya kuingizia na pampu, weka alama kwenye kijiti, angalia asubuhi. Kiwango kikiwa kimepanda, maji ya ardhini yameingia, na hayo huenda yana majitaka ya septiki za jirani pia. Usilikaushe mvua zikiwa bado zinaendelea, kwa sababu ile ile iliyotajwa kwa septiki. Lihesabu kuwa si salama, tumia maji mengine, na ulitengeneze ardhi ikikauka: kulisugua kwa brashi, kuziba ufa kwa plasta isiyopitisha maji, kuinua mdomo wake juu ya usawa ambao maji ya uani hufikia.

Ndani ya nyumba iliyoingiwa na majitaka, osha kwa sabuni kwanza ndipo upake klorini, kwa kuwa klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala amonia. Hewa yake huchoma mapafu. Mazulia na magodoro yaliyolowa majitaka yatupwe.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisipampiwe kwa matumizi hadi maji yashuke. Kikague mdomo na mfuniko, toa maji hadi yatakate, tia klorini, fungua mabomba yote mpaka uisikie harufu yake kwenye kila moja, kisha yafunge na uache maji yakae usiku kucha. Kesho yake mwaga nje, si kwenye septiki, hadi harufu iishe. Baada ya hapo chukua sampuli kwa chupa uliyopewa na maabara, ipelekwe ikiwa baridi, wapime vijidudu vya kinyesi. Endelea kuchemsha hadi majibu yatoke.